Kunasa Muziki wa Sinthesaiza katika CD bila Kompyuta

Sinthesaiza ni kinanda cha elektroniki. Hakina nyuzi kama udi, wala mivukuto kama akodiani, wala ngozi iliyowambwa kama ngoma. Sauti yake huanza safari kama mabadiliko ya volti ndani ya saketi, na hewa haitikisiki hata kidogo mpaka umeme huo ufike kwenye spika. Kwa sababu hiyo muziki wa sinthesaiza unaweza kunaswa bila maikrofoni. Waya hutolewa katika kinanda na kuingizwa katika chombo cha kunasia, na jogoo awikaye, mvua juu ya bati au gari lipitalo barabarani haviingii katika wimbo.

Wengi siku hizi hudhani kwamba kazi hiyo haiwezekani bila kompyuta, kwa kuwa kompyuta imekuwa chombo cha kawaida cha studio. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 zilitokea mashine za mezani, zenye umbo la deki ya kaseti, zilizoweza kupokea sauti kwa waya na kutoa CD iliyokamilika. Vinasa CD hivyo havitengenezwi tena kwa wingi kama zamani, lakini vilivyosalia bado hufanya kazi vizuri. Kwa mwalimu wa fizikia vina faida ya pekee. Hatua ambazo kompyuta huzificha nyuma ya kioo chake hapa hufanywa moja moja kwa mkono, na kosa hulipiwa papo hapo, maana CD ya kawaida ya kunasia huandikwa mara moja tu na haifutiki.

Maneno "bila kompyuta" hata hivyo yasichukuliwe kupita kiasi. Ndani ya kinasa CD mna saketi zinazofanya hesabu nyingi mno katika kila sekunde. Kinachokosekana ni kioo, kibodi ya herufi, na nafasi ya kujuta na kurudi nyuma.

UMEME UNAOIMBA

Mwaka 1964 Mmarekani Robert Moog, akishirikiana na mtunzi wa muziki Herbert Deutsch, alitengeneza sinthesaiza inayotawaliwa kwa volti. Kanuni yake ni nyepesi. Saketi iitwayo oskileta hutoa wimbi la umeme, na volti ya kuitawala ikiongezwa kwa volti 1, marudio ya wimbi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, huwa mara mbili. Sauti ya La yenye marudio 440 hupanda oktavu moja na kuwa 880. Volti nyingine 1 huifikisha 1,760.

Umbo la wimbi ndilo linaloamua sauti itakuwa kavu, laini au yenye kukwaruza. Wimbi lenye umbo la meno ya msumeno, likipigwa kwa 440, huwa na ndani yake mitetemo ya 880, 1,320, 1,760 na kuendelea. Wimbi la mraba huwa na zile zidishi za witiri peke yake: 1,320, 2,200, 3,080. Chujio hupunguza mitetemo ya juu kwa kadiri apendavyo mpigaji, kisha kikuzaji huamua sauti ianze ghafula kama kinubi au ivimbe polepole kama fidla.

Baadaye namba zilichukua nafasi ya oskileta. John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford aligundua mwaka 1967 kwamba wimbi moja sahili likitikisa marudio ya wimbi jingine sahili, huzaliwa sauti tajiri kama za kengele na tarumbeta. Kampuni ya Yamaha iliitumia njia hiyo katika sinthesaiza ya DX7 ya mwaka 1983, ambayo hukokotoa sauti kwa tarakimu na kuzigeuza kuwa volti mwishoni tu.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, vikundi vya taarabu ya kisasa vya miaka ya 1990, kama vile East African Melody, viliweka vinanda vya namna hii mahali ambapo zamani palikuwa na wapiga fidla kadhaa, kanuni na akodiani. Wapenzi wa taarabu asilia hawakuyafurahia mabadiliko hayo, na hoja yao ina msingi wa kisayansi. Kanuni huweza kupiga robo toni za maqamu za Kiarabu, ilhali kinanda cha kawaida kina nusu toni 12 tu katika oktavu. Vipo vinanda vinavyomruhusu mpigaji kushusha noti moja moja kwa robo toni, nalo ni jambo la kuangalia kabla ya kununua.

KUTOKA WIMBI HADI NAMBA

Volti inayotoka katika kinanda hubadilika mfululizo, kama kina cha maji wakati wa kujaa na kupwa. CD haiwezi kuhifadhi mfululizo huo, huhifadhi namba. Kwa hiyo kinasa hupima volti mara 44,100 katika kila sekunde, kwa mkondo wa kushoto na wa kulia, na kila kipimo, au sampuli, huandikwa kwa tarakimu 16 za mfumo wa msingi wa mbili, yaani biti 16. Sauti ya La ya marudio 440 hupata sampuli 100 hivi katika kila mtetemo. Sauti nyembamba ya marudio 20,000, ambayo ndiyo mpaka wa sikio la kijana mwenye afya, hupata sampuli mbili na kidogo.

Mwanafunzi huenda akauliza iwapo sampuli mbili zinatosha. Zinatosha. Kazi za Harry Nyquist (1928) na Claude Shannon (1949) zinaonyesha kwamba wimbi laweza kuundwa upya kwa ukamilifu mradi marudio ya kupima yazidi mara mbili ya marudio ya juu kabisa yaliyomo katika wimbi. Sharti hilo lina adhabu yake. Mtetemo wa 30,000, ambao hakuna mtu ausikiaye, ukiachwa uingie katika kipimo, utajitokeza kama mtetemo wa 44,100 − 30,000, yaani 14,100, na huo unasikika waziwazi. Ni jambo lile lile linalofanya magurudumu ya gari la farasi katika sinema yaonekane yakirudi nyuma. Wimbi la msumeno lina mitetemo mingi ya juu kama hiyo. Ndiyo maana kinasa huwa na chujio mbele ya kipimo.

Namba 44,100 yenyewe ina historia ya kuchekesha kidogo. Katika miaka ya 1970 mashine iliyofaa kuhifadhi tarakimu nyingi za muziki ilikuwa ile ya kunasia picha za televisheni. Katika mfumo wa Marekani na Japani wenye nusu picha 60 kwa sekunde, mistari 245 ilitumika katika kila nusu picha na sampuli 3 ziliwekwa katika kila mstari: 60 × 245 × 3 = 44,100. Katika mfumo wa Ulaya wenye nusu picha 50, mistari 294 ilitoa jibu lile lile: 50 × 294 × 3 = 44,100. Wanafunzi wa hisabati wataona pia kwamba namba hiyo ni mraba kamili wa 210.

Biti 16 hutoa ngazi 65,536, kuanzia −32,768 hadi +32,767. Kwa mikondo miwili, sekunde moja ya muziki ni 44,100 × 16 × 2, yaani biti 1,411,200. Huo ndio mto wa tarakimu ambao leza haina budi kuuandika bila kusita, kwani mpigaji akishaanza hapumziki ili mashine imfikie.

NDANI YA DISKI

CD za muziki zilianza kuuzwa Japani mwezi Oktoba 1982, kufuatia vipimo walivyokubaliana Sony na Philips. Diski ni plastiki ya polikaboneti yenye kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2. Njia ya muziki huanza karibu na kitovu na kuzunguka kuelekea ukingoni kama mstari wa gamba la konokono, na umbali kati ya mzunguko mmoja na unaofuata ni maikromita 1.6. Mwendo wa njia chini ya leza ni ule ule daima, kiasi cha mita 1.2 kwa sekunde. Kwa hiyo diski haizunguki kwa kasi moja kama sahani ya santuri. Leza ikiwa milimita 25 kutoka kitovu, diski huzunguka mara 458 hivi kwa dakika; ikifika milimita 58, huzunguka mara 198. Muziki wa dakika 74 hupita juu ya njia yenye urefu wa mita 1.2 × 74 × 60, yaani zaidi ya kilomita 5.

Katika CD ya kiwandani, tarakimu ni vishimo vilivyochapwa kwa kalibu. Vitabu vingine husema kwamba kishimo ni sifuri na uwanda ni moja. Hivyo sivyo. Moja huwekwa pale ambapo kishimo huanza au huishia, yaani kwenye ukingo, na urefu uliopo kati ya kingo mbili hueleza idadi ya sifuri.

CD ya kunasia, ambayo vipimo vyake viliwekwa mwaka 1988, haina vishimo. Ina mfereji mtupu unaoiongoza leza, na juu yake tabaka la rangi ya kikaboni, halafu tabaka la fedha au dhahabu linaloakisi mwanga. Wakati wa kunasa, leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780 huongezewa nguvu, nayo huipasha moto rangi katika doa dogo kuliko chembe ya vumbi. Doa hilo hubadilika na kuakisi mwanga kwa uchache. Wakati wa kusoma, leza hupunguzwa nguvu isije ikachoma tena, na mashine huona doa kama ingaliona kishimo. Ipo pia aina ya kufutika, CD-RW, ambayo hutumia mchanganyiko wa metali unaobadilika kutoka hali ya fuwele hadi hali isiyo ya fuwele. Huakisi mwanga hafifu, na mashine nyingi za zamani hushindwa kuisoma. Lakini kwa mazoezi ni rafiki mkubwa wa mwanafunzi.

Mkwaruzo mdogo hauharibu muziki. Kabla ya kuandikwa, sampuli huongezewa tarakimu za ulinzi kwa kanuni waliyoitunga Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960, kisha hutawanywa, ili majirani katika wimbo wasiwe majirani katika diski. Pengo la milimita 2.5 hivi juu ya njia huweza kuzibwa kwa hesabu bila kosa lolote kusikika. Kutokana na hayo, diski ipanguswe kwa mstari ulionyooka kutoka kitovuni kuelekea ukingoni. Mkwaruzo unaokata njia kwa upana huharibu sehemu ndogo ya kila mzunguko, na hesabu huimudu. Mkwaruzo unaofuata njia huharibu kipande kirefu kwa mkupuo.

Umbali wa maikromita 1.6 unaweza kupimwa darasani. Kinachohitajika ni tochi ya leza nyekundu, karatasi pana yenye tundu katikati, na rula. Diski husimamishwa mita 1 mbele ya karatasi, nayo leza hupitishwa katika tundu na kuipiga diski wima. Kwa kuwa mizunguko ya njia hufanya kazi kama wavu wa mtawanyo, madoa mawili hutokea juu ya karatasi, moja kila upande wa tundu. Kanuni ni d sin θ = nλ. Kwa leza ya nanomita 650 na d ya maikromita 1.6, sin θ ni 0.406, pembe ni nyuzi 24, na doa huwa sentimita 44 kutoka tunduni. Diski ya dakika 80 ina njia zilizobanana zaidi, maikromita 1.5 hivi, doa lake husogea hadi sentimita 48. Hivyo mwanafunzi aweza kutambua diski ya dakika 74 na ya dakika 80 bila kusoma lebo. Mtu yeyote asiielekeze leza machoni, wala mwanga unaorudi kutoka kwenye diski usiachwe ufike kwenye uso wa mtu.

KUUNGANISHA

Nyuma ya sinthesaiza mna matundu ya kutolea sauti, aghalabu mawili: la kushoto na la kulia. Hayo huunganishwa na matundu ya kuingizia ya kinasa CD, yale ya kiwango cha laini. Tundu la maikrofoni lisitumiwe. Maikrofoni hutoa elfu chache za volti moja, ilhali laini ya vyombo vya nyumbani ina volti 0.316 na ya vyombo vya studio volti 1.23. Kuingiza laini katika tundu la maikrofoni ni kama kufungulia bomba la zimamoto ndani ya kikombe. DX7 hutoa mkondo mmoja tu, kwa hiyo waya wake ugawanywe ili ulishe mikondo yote miwili; la sivyo sauti itasikika upande mmoja wa spika.

Mvumo mzito ukisikika kabla kitufe chochote kubonyezwa, chanzo chake mara nyingi ni waya wa ardhi. Kinanda na kinasa vikichomekwa katika soketi mbili zilizo mbali, njia ya ardhi hufanya duara, na umeme wa nyumba, wenye marudio 50, huzunguka humo na kuingia katika sauti. Dawa yake ni kuchomeka vyombo vyote katika soketi za pamoja. Wapo mafundi wanaokata waya wa ardhi ili kuua mvumo. Waya huo ndio unaomlinda mpigaji asiuawe na umeme chombo kikipata hitilafu, na hakuna wimbo unaostahili hatari hiyo.

Baadhi ya sinthesaiza zina tundu la kutolea tarakimu zenyewe. Njia hiyo ni safi zaidi, kwa sababu namba hazigeuzwi kuwa volti na kurudishwa tena kuwa namba. Iwapo kinanda hutoa sampuli 48,000 kwa sekunde, sharti kinasa kiwe na uwezo wa kuzigeuza kuwa 44,100. Vyombo visivyo na uwezo huo hukataa tu kunasa.

KUPIMA KIWANGO

Sehemu hii ndiyo iharibuyo diski nyingi kuliko zote, na inastahili subira. Katika kaseti, sauti ikizidi kidogo, utepe hushiba sumaku polepole na sikio husamehe. Katika CD hakuna msamaha. Juu ya +32,767 hakuna namba nyingine. Kilele cha wimbi kinachozidi hapo hukatwa kikawa bapa, na wimbi laini hugeuka kuwa na kona, lenye mitetemo mipya ambayo mpigaji hakuipiga. Sikio huisikia kama mpasuko.

Anayeogopa mpasuko huo huweza kukosea upande wa pili. Kila biti moja ni sawa na desibeli 6 hivi. Wimbo ulionaswa ukiwa desibeli 24 chini ya kilele umepoteza biti 4, na ngazi zilizobaki ni 4,096 kati ya 65,536. Mtu akija kuongeza sauti wakati wa kusikiliza, ataongeza na kelele za chini. Kiwango kizuri ni kile ambacho vilele vikubwa kabisa vya wimbo hufika kati ya desibeli −12 na −6 kwenye mita ya kinasa. Mita hiyo husoma sifuri kwenye kilele kisichopitika.

Mtego uko katika namna ya kupima. Noti zinazopigwa pamoja hujumlisha volti zao. Noti mbili zenye nguvu sawa, vilele vyake vikikutana, hutoa volti mara mbili, yaani desibeli 6 zaidi. Noti nne hutoa mara nne, desibeli 12 zaidi. Mpigaji aliyepima kwa noti moja na kuona −6, akaridhika, atapasua sauti mara atakapoweka mikono yote miwili juu ya kinanda. Kwa hiyo ipigwe kwanza sehemu nzito kuliko zote ya wimbo, kwa sauti ile ile na chujio lile lile litakalotumika, ndipo kiwango kiwekwe.

KUCHEZA KWANZA, KUNASA BAADAYE

Kwa kuwa diski haisamehi, ni busara mchezo wenyewe uhifadhiwe mahali pengine kwanza. Kazi hiyo hufanywa na chombo kiitwacho sikwensa, ambacho hupokea taarifa kutoka kwenye kinanda kwa njia ya MIDI. Mapatano ya MIDI yalianza kutumika mwaka 1983, na Januari mwaka huo sinthesaiza za makampuni mawili yaliyokuwa yakishindana, Sequential Circuits na Roland, ziliunganishwa hadharani na kuelewana. MIDI haipitishi sauti. Hupitisha maagizo: noti fulani imebonyezwa, kwa nguvu fulani, noti fulani imeachwa. Kila agizo la noti ni baiti 3, na waya hupitisha biti 31,250 kwa sekunde. Kwa kuwa kila baiti hupita na biti mbili za ziada, agizo zima ni biti 30, nalo huchukua chini kidogo ya milisekunde 1.

Ulinganisho ufuatao wafaa kuandikwa ubaoni. Wimbo wa dakika 4 wenye noti 2,000 una maagizo 4,000, yaani baiti 12,000, bila kuhesabu taarifa za wakati. Wimbo huo huo katika CD ni baiti 42,336,000. Tofauti ni zaidi ya mara 3,500, nayo ndiyo tofauti kati ya karatasi ya noti na uimbaji wenyewe.

Kwa sikwensa, noti iliyokosewa hurekebishwa peke yake, besi hupigwa leo na ngoma kesho, na kinanda kimoja huweza kupiga sehemu kadhaa kwa wakati mmoja. Sinthesaiza ya Korg M1 ya mwaka 1988 ilikuwa na sikwensa ya sehemu 8 ndani yake. Asiye na sikwensa aweza kutumia mashine ya kaseti ya njia nne, kama ile Portastudio aliyoitoa Tascam mwaka 1979, ingawa kila mara sehemu zinapohamishwa kutoka njia moja hadi nyingine, mchakacho wa utepe huongezeka.

SIKU YA KUNASA

Kabla ya kununua diski, aina ya kinasa iangaliwe. Vinasa vya nyumbani hukubali diski zilizoandikwa kuwa ni za muziki peke yake, na diski za kawaida za kompyuta hukataliwa. Chanzo cha jambo hilo ni mapatano ya kulinda haki za wanamuziki; Marekani, sheria ya mwaka 1992 iliweka tozo juu ya diski na mashine za namna hiyo. Vinasa vya studio havichagui.

Diski ikishaingizwa, kinasa huwekwa katika hali ya kungoja. Leza hujaribu nguvu yake mahali maalumu karibu na kitovu, ili ijue rangi ya diski hiyo huhitaji joto kiasi gani. Mpigaji asiharakishe hatua hiyo. Kisha kitufe cha kunasa hubonyezwa sekunde moja au mbili kabla ya noti ya kwanza. Vipo vinasa vinavyoanza vyenyewe visikiapo sauti, lakini mara nyingi huumeza mwanzo wa noti ya kwanza, hasa ikianza polepole.

Kuhusu namba za nyimbo, kinasa huweza kuziweka chenyewe kila kisikiapo ukimya wa sekunde kadhaa. Kwa muziki wa ngoma zisizokatika jambo hilo hufanya kazi vizuri. Kwa muziki wenye vituo, kama taarabu yenye ufunguzi wa ala unaotua kabla ya mwimbaji kuingia, mashine hudhani wimbo umekwisha na kuukata vipande viwili. Mtu wa pili akae kando ya kinasa na kuweka namba kwa mkono. CD moja huchukua nyimbo zisizozidi 99, na wimbo usiwe mfupi kuliko sekunde 4.

Nyimbo zote zikishanaswa, diski hiyo bado haisomeki katika mashine ya kawaida. Orodha ya nyimbo imeandikwa kwa muda tu, mahali ambapo kinasa peke yake hupasoma. Sharti diski ifungwe: leza huandika karibu na kitovu jedwali la kudumu la yaliyomo, lenye namba ya kila wimbo na dakika unapoanzia. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na baada yake hakuna kinachoweza kuongezwa. Umeme ukikatika katikati ya kunasa au kufunga, diski huenda ikapotea na nyimbo zote zilizomo, hata zile zilizonaswa asubuhi kwa usalama. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kinasa kiunganishwe na betri ya akiba, au kila wimbo unaswe katika diski yake.

KUHIFADHI

Rangi iliyoipa leza nafasi ya kuandika ndiyo udhaifu wa diski. Mwanga mkali, hasa wa jua, huendelea kuibadilisha polepole, nao joto na unyevu wa pwani husaidia. Diski iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari haina maisha marefu. Iwekwe wima ndani ya kasha lake, kabatini, mbali na dirisha. Jina liandikwe kwa kalamu laini ya wino usio na asidi, wala si kwa kalamu ya risasi au bolpeni, kwa sababu tabaka la kuakisi liko juu kabisa, chini ya vanishi nyembamba tu, na upande wa lebo huumia upesi kuliko ule unaong'aa. Lebo za karatasi za kubandika huvuta unyevu na kuiyumbisha diski inapozunguka.

Nakala ya pili itengenezwe siku hiyo hiyo, kwa diski ya kampuni nyingine, na ihifadhiwe nyumba nyingine. Pamoja nayo ziwekwe taarifa za sikwensa na karatasi yenye majina na namba za sauti zilizotumika katika kinanda. Katika CD, besi, fidla na ngoma zimekwisha kujumlishwa kuwa mikondo miwili ya namba na haziwezi kutenganishwa kwa usafi. Katika zile baiti 12,000 kila ala bado iko peke yake, na ikionekana miaka kumi baadaye kwamba ngoma ilifunika sauti ya fidla, wimbo waweza kupigwa na kunaswa upya.